Niache bangi siku ngapi kabla ya upasuaji ili isionekane?

Swali:

«Daktari, habari za kazi. Nina miaka 33. Nimevuta bangi kila siku kwa miaka 12 hivi, misokoto mitatu au minne kwa siku, mara nyingi nikichanganya na tumbaku. Pombe sinywi. Tangu mwaka jana napata vipindi vya kutapika. Kila baada ya wiki 6 hivi naamka alfajiri na kichefuchefu, tumbo linauma juu ya kitovu, natapika siku 2 au 3 mfululizo hadi natoa maji ya kijani, kisha inaisha na nakuwa mzima kabisa. Najituliza kwa kuvuta kidogo na kuoga maji ya moto, siku nyingine naoga hata mara 5. Nimelazwa mara mbili kwa ajili ya dripu. Nimepimwa kwa kamera ya tumbo, haikuonyesha kitu. Altrasaundi ilionyesha vijiwe vidogo kwenye mfuko wa nyongo, na sasa nimepangiwa upasuaji wa kuutoa baada ya wiki 3. Hakuna daktari niliyemwambia kuhusu bangi. Naogopa kudharauliwa na naogopa kuandikwa kwenye faili. Tena sioni uhusiano: bangi ni mmea tu, na nasikia wagonjwa wa saratani hupewa dawa yake ili wasitapike. Swali langu ni moja: niache siku ngapi kabla ya upasuaji ili isionekane kwenye vipimo?»

Jibu:

Ndugu yangu, swali lako lina jibu fupi, na nitakupa kwanza ili lisikukae kichwani wakati unasoma mengine. Kwa mtu anayevuta kila siku kwa miaka mingi, mabaki ya bangi yanaweza kuonekana kwenye mkojo kwa mwezi mzima, wakati mwingine zaidi, baada ya msokoto wa mwisho. Kemikali yake inayolevya, THC, hupenda mafuta kuliko maji. Hujificha kwenye mafuta ya mwili na kutoka humo kidogo kidogo, ndiyo maana kunywa maji mengi hakuisafishi. Maji mengi kupita kiasi kwa muda mfupi yanaweza hata kushusha chumvi ya damu hadi pabaya. Kwa hiyo wiki 3 huenda zisitoshe. Lakini vipimo vya kawaida vya kabla ya upasuaji, kama wingi wa damu, kundi la damu, figo na ini, havitafuti bangi. Unakikimbia kipimo ambacho pengine hakuna aliyepanga kukifanya.

Kilichonisimamisha katika barua yako ni maneno uliyoyapita haraka: maji ya moto, hata mara 5 kwa siku.

Mtu aliyevuta karibu kila siku kwa miaka, anayetapika kwa vipindi vinavyofanana, ambaye katikati ya vipindi hana shida yoyote, kamera haikuona kitu, na nafuu yake anaipata ndani ya maji ya moto: kwetu sisi tunaotibu matumbo hiyo ni picha inayojulikana. Iliandikwa kwa mara ya kwanza mwaka 2004 na madaktari wa Australia Kusini, waliokuwa na wagonjwa wa namna hiyo na wakagundua kwamba wengi wao walikuwa na tabia ileile ya kuoga tena na tena. Tuuite ugonjwa wa kutapika unaoletwa na bangi. Siwezi kukuthibitishia kwa kusoma barua kwamba unao. Ninachoweza kukwambia ni kwamba madaktari waliokuona hawakuwa na njia ya kuufikiria, kwa sababu waliuona ugonjwa wako wakiwa na nusu ya habari.

Najua linasikika kama jambo lisilowezekana. Wewe mwenyewe umesema wagonjwa wa saratani hupewa dawa ya bangi ili wasitapike, na hilo ni kweli. Dawa ya THC iliyotengenezwa maabara iliruhusiwa Marekani tangu 1985 kwa wanaotapika kwa sababu ya dawa za saratani. Basi kitu kimoja kinawezaje kuzuia kutapika na pia kusababisha kutapika?

Mwili wenyewe hutengeneza kemikali zinazofanana na za bangi, na una vipokezi vyake, mfano wa kufuli zinazosubiri ufunguo. Vimejaa kwenye ubongo, na vipo pia kwenye mishipa ya fahamu ya tumbo na utumbo. Vya ubongoni vikiguswa, kichefuchefu hutulia. Vya tumboni vikiguswa, tumbo hupunguza mwendo na chakula huchelewa kushuka. Kwa mtu anayetumia kidogo kwa muda mfupi, amri ya ubongo ndiyo inayoshinda, naye hupata nafuu. Lakini vipokezi vikigongwa kutwa, miaka nenda miaka rudi, huchoka. Vingine huzama ndani ya seli, vingine huacha kuitika. Mfumo uliokuwa ukituliza kichefuchefu hulegea, na watu wachache, ambao bado hatujui kuwatambua mapema, huanza kutapika. Ndiyo maana unaweza kuvuta miaka 11 bila tatizo lolote kisha mwaka wa 12 ukakugeuka. Wagonjwa wengi hushikilia hoja hiyohiyo: «Nimevuta miaka yote hii, kwa nini leo?» Miaka yote hiyo ndiyo sababu yenyewe.

Na maji ya moto? Ngozi ina mishipa inayohisi joto kali, na inaelekea joto hilo huvuruga kwa muda taarifa za kichefuchefu na maumivu zinazopanda ubongoni. Pilipili huamsha mishipa hiyohiyo, na ndiyo sababu katika vyumba vya dharura baadhi ya madaktari hupaka krimu ya kemikali ya pilipili kwenye tumbo la mgonjwa wa namna hii. Usijitengenezee yako nyumbani, ngozi itaungua. Na kuoga huko kuna gharama: wapo waliobabuka, na mtu aliyeishiwa maji mwilini akikaa ndani ya mvuke anaweza kuzirai.

Sasa nije kwenye nyongo, maana hapa ndipo kimya chako kinaweza kukugharimu kiungo.

Watu wengi wana vijiwe kwenye mfuko wa nyongo na hufa uzeeni bila kujua kwamba wanavyo. Kijiwe kuonekana kwenye altrasaundi hakumaanishi kwamba ndicho kinachokutesa. Maumivu ya nyongo huwa na sura yake: hukaa chini ya mbavu za kulia au katikati juu ya tumbo, huja mara nyingi baada ya chakula chenye mafuta mengi, hupanda na kukaza kwa nusu saa hadi saa kadhaa, na huweza kurushwa hadi kwenye bega la kulia au mgongoni. Kutapika kunaweza kuwepo lakini siyo kinara. Kwako kutapika ndiyo kinara, huchukua siku 2 au 3, hufuata kalenda na huanza alfajiri tumbo likiwa tupu. Kuna wagonjwa wa ugonjwa huu wa bangi waliotolewa mfuko wa nyongo kisha wakaendelea kutapika vilevile, wakiwa na makovu mapya na fumbo lilelile.

Sisemi ufute upasuaji. Inawezekana una yote mawili, na nyongo yenye matatizo isiyotolewa inaweza kuleta maambukizi au kuumiza kongosho. Ninachosema ni kwamba uamuzi huo ni wa kwako na daktari wako wa upasuaji, na hawezi kuufanya vizuri bila kujua unachokijua wewe. Akijua, anaweza kuona bado unafaa. Anaweza pia kusema tusubiri miezi michache uache bangi tuone kutapika kunaendaje, kwa kuwa jambo lenyewe si la dharura. Hayo ni mazungumzo yanayostahili kufanyika kabla ya kisu.

Tuseme upasuaji unabaki palepale. Bado mtaalamu wa dawa za usingizi anahitaji kujua, na sababu zake ni za kimwili tu. Wanaovuta kila siku mara nyingi huhitaji dozi kubwa zaidi ya propofoli, dawa inayotumika kulaza, na baada ya upasuaji huwa na maumivu makali zaidi na huhitaji dawa nyingi zaidi za kuyatuliza. Njia za hewa zilizozoea moshi hukasirika kirahisi mrija unapopitishwa. Bangi iliyovutwa karibuni huharakisha mapigo ya moyo; utafiti uliotolewa Marekani mwaka 2001 ulikuta kwamba katika saa ya kwanza baada ya kuvuta, uwezekano wa mshtuko wa moyo ulipanda karibu mara 5. Hatari hiyo kwa kijana mzima huanzia chini sana, kwa hiyo usitishike na namba hiyo, lakini hutaki ikutane na dawa za usingizi. Mwaka 2023 chama cha Marekani cha wataalamu wa ganzi kilitoa mwongozo unaotaka kila mgonjwa aulizwe kuhusu bangi kabla ya upasuaji, na usio wa dharura uahirishwe angalau saa 2 ikiwa mtu amevuta. Zingatia neno «kila». Ukiulizwa swali hilo hujashukiwa, unaulizwa kama unavyoulizwa kuhusu kisukari.

Kuna hatari nyingine ya kimya ambayo haizungumzwi sana. Mtu anayevuta misokoto minne kwa siku akilazwa wodini siku tatu, anaacha ghafla bila kutaka. Kesho yake hana usingizi, anatoka jasho, hana hamu ya kula, ana hasira, na kwa kuwa huchanganya na tumbaku, nikotini nayo inamdai. Daktari asiyejua ataona jasho na mapigo ya haraka siku ya pili baada ya upasuaji na kuanza kutafuta usaha au damu inayovuja ndani. Utapimwa mara mbili, pengine utafunguliwa tumbo tena kwa wasiwasi, wakati ni arosto tu, yaani mwili unaidai bangi.

Kuhusu «ni mmea tu»: tumbaku nayo ni mmea. Moshi wa jani lolote linaloungua una lami na gesi zinazoumiza mapafu, na wavutaji wa bangi huvuta kwa kina na kuushikilia moshi kifuani wakidhani stimu itazidi, ilhali THC nyingi huingia damuni katika sekunde za mwanzo na kinachobaki kuongezeka ni lami. Kikohozi chenye makohozi kila asubuhi ndiyo alama ya kawaida. Bangi pia hugombana na dawa. Inaweza kuongeza nguvu ya warfarini, dawa ya kuzuia damu kuganda, hadi mtu akavuja damu, na moshi wake huweza kupunguza nguvu ya baadhi ya dawa za magonjwa ya akili kwa kulifanya ini lizivunje haraka. Na kama katika ukoo wenu kuna aliyewahi kuugua skizofrenia au kusikia sauti zisizokuwepo, mwambie daktari hilo pia, kwa sababu matumizi ya kila siku, hasa ya bangi kali, huambatana na hatari kubwa zaidi ya kupata magonjwa hayo.

Upande wa pili nao nauweka wazi: wengi wanaovuta hawapati madhara makubwa, na bangi haisimamishi pumzi kama afyuni zinavyoweza kufanya. Sikutishi ili uache. Nakwambia kwamba tumbo lako wewe, kwa dalili unazoeleza, linaelekea kuwa limeshakataa.

Kama ni ugonjwa huu, tiba inayoumaliza ni moja, nayo ni kuacha kabisa. Ningependa kukupa njia ya katikati, ila kupunguza kutoka minne hadi mmoja mara nyingi hakutoshi kuvimaliza vipindi. Kuvuta ili kutuliza kichefuchefu ndiko kunakowafunga watu kwenye mzunguko huu, kwa sababu nafuu ni ya kweli kwa nusu saa. Dawa za kawaida za kuzuia kutapika mara nyingi hazifui dafu, na dawa kali za maumivu za jamii ya mofini huweza kuzidisha kichefuchefu. Zipo dawa nyingine ambazo daktari anaweza kutumia wakati wa kipindi, na nyingine za kunywa kila usiku ili kukusaidia miezi ya mwanzo, lakini hata hizo huhitaji ajue anatibu nini.

Usijipime kwa wiki mbili. Vipindi vyako huja kila baada ya wiki 6, kwa hiyo mwezi mmoja bila kutapika haujathibitisha lolote. Mwongozo uliotolewa mwaka 2024 na wataalamu wa tumbo wa Marekani unataka angalau miezi 6 bila bangi, au muda unaotosha vipindi vitatu kupita bila kutokea, ndipo iaminike kwamba bangi ndiyo iliyokuwa chanzo.

Arosto yenyewe huanza ndani ya siku 1 au 2, hufika kileleni ndani ya wiki ya kwanza, na sehemu kubwa hutulia ndani ya wiki 2 hadi 3. Usingizi na ndoto za ajabu huweza kuchelewa zaidi. Picha za ubongo zimeonyesha kwamba vile vipokezi vilivyochoka huanza kurudi siku chache tu baada ya kuacha na hukaribia hali ya kawaida baada ya wiki 4. Piga hesabu na tarehe yako: ukiacha leo, utaingia chumba cha upasuaji kilele cha arosto kikiwa kimeshapita. Ukiacha siku mbili kabla ili kuficha, utaingia kikiwa kinapanda. Kama huwezi kuacha peke yako, na wengi hawawezi, unasihi wa kitaalamu husaidia. Hakuna kidonge maalumu kilichothibitishwa kwa uraibu wa bangi, kwa hiyo mwogope anayekuuzia.

Nimeacha hofu yako hadi sasa kwa sababu nataka kuipa nafasi yake. Kudharauliwa siyo jambo la kufikirika. Wapo wahudumu wanaobadilika sura wakisikia neno bangi, na nimewaona. Mgonjwa aliyewahi kutazamwa hivyo mara moja hujifunza kusema «hapana» kila anapoulizwa, kisha huacha kuja kabisa, na kikohozi au maumivu ya kifua yaliyokuwa yakitibika hukutwa yamechelewa. Kosa hilo ni letu, siyo lako.

Maadili ya udaktari yanamtaka daktari atunze siri ya mgonjwa. Lakini sheria hazifanani, na mipaka ipo, mathalani pale mtu mwingine anapokuwa hatarini au mahakama inapoagiza. Kwa hiyo una haki ya kuuliza kabla ya kusema: «Nikikueleza jambo kuhusu ninavyoishi, litaandikwa wapi na nani ataliona?» Daktari mzuri hatakasirika. Omba mzungumze wawili tu, ndugu au jamaa uliyekuja naye asubiri nje. Ukikutana na kejeli, omba mwingine.

Kuna hofu moja hukuitaja, nami naiongeza: kwamba ukishasema bangi, kila kitu kitabebeshwa bangi. Hutokea. Ugonjwa huu huthibitishwa baada ya mengine kuondolewa, kwa hiyo usikubali kurudishwa nyumbani kwa maneno «acha kuvuta» bila damu, chumvi za mwili, kongosho na figo kuangaliwa. Uliza waziwazi: «Tumeshaondoa nini kingine?»

Wakati unasubiri, kuna hali zisizosubiri tarehe. Nenda chumba cha dharura siku hiyohiyo ukitapika kutwa nzima bila hata maji kukaa tumboni, ukipitisha saa 8 bila kukojoa, ukitapika damu au kitu kama machicha ya kahawa, ukizirai, ukichanganyikiwa, misuli ikilegea au moyo ukiruka mapigo. Kutapika kwa siku 3 kunaweza kuumiza figo na kushusha potasiamu, moja ya chumvi za mwili, na vifo vimewahi kutokea kwa njia hiyo. Maumivu makali ya kifua baada ya kutapika kwa nguvu ni dharura. Homa pamoja na macho kuwa manjano, au maumivu yasiyoachia chini ya mbavu za kulia, ni dharura ya nyongo na hayahusiani na haya niliyoandika kuhusu bangi. Na kama katika siku za arosto yatakujia mawazo ya kujidhuru, usikae nayo peke yako hata usiku mmoja.

Kwa hiyo usingoje asubuhi ya upasuaji. Kumwambia mtaalamu wa usingizi ukiwa umeshavaa gauni ni bora kuliko kunyamaza, lakini swali la nyongo litakuwa limeshapitwa. Piga simu wiki hii uombe kumwona daktari wa upasuaji tena. Chukua karatasi uandike tarehe za vipindi vyote unavyovikumbuka, vilichukua siku ngapi, misokoto mingapi kwa siku, na tumbaku kiasi gani. Kama ulimi utakuwa mzito ukiwa mbele yake, mpe karatasi asome. Na kama utaweza kusema, anza hivi: «Daktari, kuna jambo sikukueleza mara ya kwanza. Navuta bangi kila siku kwa miaka 12, na nikitapika, kinachonituliza ni maji ya moto.»